Habari za Jamaldin Mngoja Janga na Vita vya Mfereji wa Uani

Sogeeni, enyi watu wa baraza zote za Kuze, mliokalia saruji na mliokalia mikeka, na nyinyi mliofungua dirisha nusu mkijifanya mwatazama njia tu. Acheni kahawa ipoe. Nileteeni kalamu ya mwanzi na karatasi ya Shamu, na kama karatasi ya Shamu haikupatikana, basi hata ile iliyofungiwa viazi vya karai itafaa, ipanguseni mafuta kidogo. Kwa kuwa leo lasimuliwa jambo ambalo wafalme hawakulifanya, masultani hawakulijaribu, na Mreno pamoja na mizinga yake yote hakulithubutu. Leo yasimuliwa namna Jamaldin bin Abdulbasit, miwani puani na kikoi kiunoni, alivyofunga mfereji wa maji, ule ambao wengine huuita bomba, nyumbani kwake.

Mnacheka. Chekeni. Hakuna aliyewahi kumcheka Jamaldin kabla Jamaldin hajajicheka mwenyewe, na nusu ya maneno makubwa mtakayoyasikia hapa aliyasema yeye, akijipigia ngoma na kujipigia makofi.

Huyu Jamaldin alikuwa mweka ghala. Katika enzi yake, kwenye ghala moja la mizigo karibu na bandari, hapakutoka msumari bila ya yeye kujua unakwenda kwenye ubao gani, wala hapakuingia gunia asilolipapasa kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Mabosi walimwogopa, panya walimheshimu. Kisha umri ukafika, wakampa mkono, wakampa saa ya ukutani, wakampa na ruhusa ya kukaa nyumbani mpaka siku ya mwisho wa dunia.

Akarudi nyumbani, shujaa huyu, akakuta dola iliyokwisha kusimama miaka mingi pasi na yeye. Mtawala wa dola hiyo alikuwa Khairiya binti Sheikhan, mkewe, mwanamke asiyepaza sauti na asiyerudia neno. Jamaldin akitafuta kijiko, Khairiya amekwisha kumpa. Akishika ufagio, aambiwa atimua vumbi. Akiingia jikoni kusaidia, apewa kiti akae pale, si pale, pale. Mwanawe wa pekee, Huzaifa, alikuwa kazini Doha na hakuwa na haja ya ushauri wa mtu. Basi mzee wa watu akawa mgeni asiyeaga, na jambo hilo lilimuuma. Na tuseme wazi, maana hadithi yote yasimama hapo: alitaka siku moja tu, siku moja kabla hajafa, nyumba yake imhitaji.

Asubuhi moja, redio ilipokuwa ikinong'ona juu ya rafu, akasikia mtu mwenye sauti ya taratibu akiusia kwamba kila nyumba, hata ya mwenye kipato kidogo, yapasa kuwa na akiba yake ya dharura: taa, dawa, chakula kisichooza, vifaa vya kutengenezea viharibikavyo, vyote mahali pamoja, vyote tayari. Jamaldin akaweka kikombe chini. Ulimwengu ulikuwa umemwita, na umemwita kwa kazi yake.

Akaomba mahali pa kuweka jeshi lake. Khairiya, aliyefurahi kupata chochote cha kumtoa jikoni, akampa kasha lake la mbao za msaji lenye misumari ya shaba, lile alilokuja nalo siku ya harusi yao. Alizitoa humo nguo zake akazitia kwenye maboksi, akalipangusa vumbi mara mbili kabla hajaliachia.

Vita vyahitaji mali, na Jamaldin hakuwa nayo. Alikuwa na pensheni inayofika imechoka, na alikuwa na kahawa yake ya jioni. Akaitoa kahawa sadaka. Tangu siku hiyo, deli la kahawa lilipopita barazani, yeye alisema tumbo halimruhusu, na kile ambacho angekinywa kikageuka mshumaa, kikageuka kibiriti, kikageuka bendeji. Alipotumwa Marikiti kununua nazi na ndimu, alishindana bei na wachuuzi mpaka wakamwachia kwa kuchoka, na kila kilichosalia kikaandikishwa jeshini.

Enyi mbingu, shuhudieni wapiganaji walivyokusanyika. Alitangulia Fanusi, mkongwe mwenye kutu, aliyeokolewa kwenye lundo la vyuma chakavu na kutiwa utambi mpya. Akafuata Tochi, kofi moja mgongoni halimwashi, mawili humwasha. Ikaja Mishumaa, mirefu kwa vipande, na Vibiriti ndani ya mkebe wa maziwa ya unga visipate unyevu. Wakaja Pamba na Dawa ya Kidonda, na Chumvi na Sukari za kuchanganyia maji mtu akiharisha, na Tende zilizofungwa barabara, na Kamba, na Firimbi iliyokuwa ya refa mmoja aliyestaafu kwa hofu. Na nyuma yao wote, amevikwa kitambaa cheupe kama mwana wa mfalme, alikuja Mfereji mpya wa shaba pamoja na spana yake na utepe wake wa kuzungushia paipu. Kwa kuwa mfereji wa uani ulikuwa mzee kuliko ndoa ya Jamaldin, na yeye aliuona ukilegea.

Kisha akanunua kufuli. Watoto wa jirani walikuwa wameanza kuzichunguza zile tende.

Kufuli ilikuwa na funguo mbili, na hapa, wasikilizaji, shikeni tama. Ghalani kulikuwa na sheria ambayo Jamaldin aliishika maisha yake yote: atunzaye mali asishike ufunguo, na ashikaye ufunguo asitunze mali. Sheria hii ilimfanya awe mtu mwaminifu kuliko wote bandarini. Basi akampelekea Khairiya ufunguo wa kwanza kwa heshima zote, naye akaufunga kwenye pindo la leso aliyojifunga kiunoni, fundo moja la kukaza, akaendelea kuchambua mchele. Na ufunguo wa pili? Jamaldin alikaa siku nzima akitafakari mahali pa kuweka ufunguo wa dharura, mahali pasipopotea, pasipoibiwa, panapojulikana. Na akili ile iliyoendesha ghala zima ikampa jawabu, kwamba vitu vya dharura mahali pake ni ndani ya kasha la dharura. Akautia ndani. Akafunga.

Halafu akangoja.

Hakuna lililotokea. Umeme uliokuwa na mazoea ya kukatika kila ukisikia mtu atia nguo pasi, ukatulia. Masika yakanyesha kwa adabu. Hakuna aliyejikata kisu, hakuna aliyeharisha. Mara kwa mara Jamaldin alijikuta akitamani kajanga kadogo tu, kasichomdhuru mtu, kisha akaona haya, akaomba msamaha kwa Mola wake. Barazani wakampa jina, Mngoja Janga, naye akalipokea jina lile, hata akawa analitumia akibisha hodi.

Ikakaribia harusi ya Raihana, binti wa dadake Khairiya. Siku moja Khairiya, akikunja nguo, alisema pasi na kumtazama, "Babake Huzaifa, arusi ikisha nalitaka kasha langu. Nguo zangu zalala kwenye maboksi, na mishumaa yako yalala kwenye msaji."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Ni kweli kasha lilikuwa la Khairiya, ni kweli halikuwahi kumfaa mtu kwa lolote, na kama kasha halifai na limejaa tayari, je, mtunzaji wake? Jamaldin akajibu kwamba sawa, akenda kukaa barazani, na jioni ile hakujichekesha hata mara moja.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa Jumapili, na maji yalikuwa yamekatika Kuze kwa muda mrefu, hata wenye mikokoteni ya kuuza maji wakaanza kutembea kama mawaziri. Ni desturi ya huko, na mgeni asishangae: maji yakikatika, mfereji haufungwi. Huachwa wazi, na chini yake huwekwa sufuria tupu, ili siku maji yatakaporudi, saa yoyote ile, tone la kwanza ligonge sufuria na kuamsha nyumba. Kila nyumba kichochoroni ilikuwa imeweka mlinzi wake wa namna hiyo. Lakini nyumba ya Jamaldin iko chini kabisa ya mteremko, na maji yakija humfikia yeye kwanza, na mara nyingine humfikia yeye peke yake.

Baada ya adhuhuri Khairiya akatoka kwenda kwa dadake, kwenye hina ya Raihana, na wanawake wote wa kichochoro wakatoka pamoja naye wakinukia udi. Akamwachia mumewe amri mbili: wali umefunikwa, na akisikia maji, ajaze mitungi. Jamaldin akala, akajinyoosha, akasinzia.

Alasiri ilipopita kidogo, sufuria ikalia.

Aliruka, huyu shujaa, akafika uani ndara moja mguuni na moja haijulikani iliko. Mfereji ulikohoa, ukatema kutu, ukatema hewa, kisha ukamwaga maji kwa nguvu ambayo haikuwahi kuonekana. Jamaldin akajaza mtungi. Akajaza wa pili. Akajaza mitungi yote, na ndoo zote, na beseni, na ile sufuria ya pilau ya harusini, akicheka peke yake kwa raha. Na kila chombo kilipojaa, akanyoosha mkono kuufunga mfereji.

Haukufungika. Ulikuwa umekaa wazi muda mrefu mno, umeganda kwa kutu. Mwenye hekima angekwenda polepole. Jamaldin akatia miguu, akavuta pumzi, akaukaba kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akakaza kwa nguvu zote za ukoo wake. Mfereji ukavunjika. Kichwa chake kikabaki mkononi mwa Jamaldin, na kutoka shingoni maji yakaruka mpaka ukuta wa pili.

"Alhamdulillahi," akasema Jamaldin, na mara akaziba mdomo kwa aibu. Lakini lilikuwa limekwisha kumtoka. Janga lilikuwa limekuja, na limekuja lile lile alilolijengea silaha.

Akakimbilia kasha. Akalishika. Akaiona kufuli. Akakumbuka ufunguo wa kwanza uko wapi, kwenye pindo la leso, kiunoni mwa Khairiya, katikati ya hina. Akakumbuka ufunguo wa pili uko wapi. Akakaa juu ya kasha kidogo, akijitazama kwa jicho la ndani, na alichokiona hakikumpendeza.

Maji yalikuwa yameujaza ua, tundu la kutolea maji limeziba kwa majani, na sasa yalikuwa yanapanda kizingiti cha chumba. Kasha lilikuwa chini, sakafuni, zito kwa jeshi lake, halinyanyuki. Jamaldin akapiga ukelele.

Akateremka kutoka ghorofani Nicodemus, mpangaji, karani wa bandarini, mtu wa bara, mrefu kama mlango, naye alikuwa amepumzika kwa kuwa ni siku yake ya kanisa. Hakuuliza maswali. Alikunja mikono ya shati jeupe, akachutama mbele ya paipu, akatia kidole gumba chake ndani ya ile shingo iliyovunjika, na maji yakasita. Kidole kile, enyi wasikilizaji, kilikuwa kinene na kilikaa sawasawa, kana kwamba kilizaliwa kwa kazi ile.

Wakafanya baraza la vita hapo hapo. Nicodemus akauliza koki kuu iko wapi. Jamaldin akamwambia ilizikwa chini ya saruji siku mafundi walipotengeneza kichochoro, na hapana aliyeiombea dua. Nicodemus akasema basi ununuliwe mfereji mwingine dukani. Jamaldin akajinyoosha mpaka akafikia urefu wake wote, ambao si mwingi.

"Bwana Nicodemus," akanena, maji yakimchuruzika ndevuni, "mfereji ninao. Spana ninayo. Utepe ninao. Nimeacha kahawa kwa ajili yao. Nikienda leo kununua mfereji mwingine, na huu umelala kashani, basi mimi ni bure, na kasha ni bure, na afadhali mkewangu atie nguo zake."

"Hapo umesema kweli, mzee," akasema Nicodemus. "Basi tuvunje kufuli. Nyundo iko kwangu juu."

Jamaldin akalitazama kasha. Kufuli ilishikwa na kitasa cha shaba, na kitasa kiligongomewa kwenye ubao ambao babake Khairiya aliuchagua kwa mkono wake. Akasema hapana. Kasha aliazimwa zima, na atalirudisha zima, hata kama atalirudisha likielea. Nicodemus, mtu mwenye mke na yeye, akaelewa, akamwambia aende, yeye atashika ngome.

Lakini maji yana sauti, na Kuze ina masikio. Kabla Jamaldin hajapata ndara yake ya pili, mlango ulijaa wanaume. Wake zao wote walikuwa hinani, na wao kwa wao hakuna aliyejua ndoo za nyumbani kwake huwekwa wapi, basi wakaja na walichokiona: birika, sinia, chungu, na mmoja na chombo cha kuogeshea mtoto. Mbele yao alikuwa Mzamil mshona kofia, jirani wa ukuta mmoja, amekumbatia deli la kahawa.

"Ndugu yangu Jamaldin," akasema Mzamil kwa sauti ya mtu anayehutubia msikitini, "usiufunge mfereji huu. Kwetu hakujatoka hata tone. Maji haya kayaleta Mungu, na mfereji kauvunja Mungu."

"Mfereji nimeuvunja mimi, Mzamil," akasema Jamaldin. "Mungu usimtie."

Hata hivyo hakuwa mtu wa kumnyima jirani maji. Akaamuru foleni. Nicodemus akawa mfereji wa nyama na damu: chombo kikiletwa, aondoa gumba, kikijaa, arudisha. Foleni ikaenda vizuri, na Jamaldin akatoka mbio kuuendea mji wa wanawake.

Akapita vichochoroni kikoi kimemganda miguuni, ndara mbili za rangi mbili, kichwa cha mfereji bado mkononi kwa kusahau kukiweka. Akafika nyumba ya hina. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani vilisikika vicheko na vigelegele. Mlango ule hakuna mwanamume aliyeuvuka siku kama ile na akabaki na jina lake. Jamaldin akageuka, akaupa mlango mgongo kama adabu itakavyo, akabisha hodi kwa kisigino.

Ikatoka nyuma ya mlango sauti ya Bi Lamis, shangazi wa bibi harusi, mlinzi wa mlango, mwenye maneno makali kuliko achari yake. "Nani huyo abishaye kama mbuzi?"

"Ni mimi, Jamaldin."

"Jamaldin yupi?"

Akameza mate. "Mngoja Janga."

Kicheko kilichotoka ndani kilitikisa bawaba. Jamaldin akakingoja kipite, kisha akatoa hotuba yake, uso kwa kichochoro, mgongo kwa hadhira. Akaeleza mfereji ulivyopigana na ulivyoanguka, kidole cha Nicodemus kinavyoshika mpaka, maji yalivyofika kizingitini; na akaomba, kwa heshima ya wote waliomo, mkewe amtupie ufunguo. Hakuificha habari ya ufunguo wa pili. Alipoulizwa uko wapi, alisema uko kashani, na hapo ikabidi angoje tena mpaka wanawake wachoke kucheka.

Kisha Khairiya akasema kutoka ndani, kwa sauti yake ile isiyopanda, "Babake Huzaifa, mikono yangu miwili ina hina mbichi. Siwezi kufungua fundo, na hawa wamelijaribu likawashinda, wala leso yangu siivui mbele za watu. Naja mwenyewe."

Akatoka. Bi Lamis alikuwa amemtupia buibui begani na kulishika kwa nyuma lisianguke. Mikono ya Khairiya ilikuwa imenyooshwa mbele, vidole vimeachana, hina nyeusi imepanda mpaka viwiko, ingali yang'ara kwa unyevu. Na hina ya khalati wa bibi harusi, ndugu wa mamake, ikiharibika, itasemwa mpaka bibi harusi azae. Jamaldin akatangulia, akidai njia kwa sauti, "Ndia, jamani, ndia," na wenye baiskeli wakashuka, na paka wakapanda kuta, na hivyo ndivyo walivyopita Kuze, yeye mbele amelowa, mkewe nyuma mikono juu, Bi Lamis nyuma yao akishika buibui na kutoa maoni.

Walipoingia, wanaume wakainamisha macho na masinia yao. Nicodemus akamsalimu mama kwa kichwa tu, kwani gumba lilikuwa kazini. Khairiya akatazama ua, akatazama chumba, akaona maji yamefika kwenye mguu wa kasha lake. Akasimama mbele ya kasha, akageuza kiuno kidogo kwa upande wa mumewe.

Fundo lilikuwa lake, na mafundo ya Khairiya hayachezewi. Jamaldin alilijaribu kwa kucha, likakataa. Akalijaribu kwa meno, akiwa amepiga magoti majini, miwani imejaa ukungu, Bi Lamis akimwambia avute kushoto, si huko, kushoto. Likalegea. Ufunguo ukaanguka kiganjani mwake.

Akafungua kasha.

Khairiya hakuwahi kulitazama ndani tangu alipolitoa. Sasa alitazama, kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi nyingine. Aliona fanusi na mishumaa na mkebe wa vibiriti, kila kitu mahali pake, kimepangwa kama mumewe alivyopanga ghala lile. Na pembeni, upande aliotengewa yeye, aliona viatu vyake vya mpira, asikanyage kigae gizani. Na dawa yake ya presha, ya akiba, ndani ya mfuko safi. Na miwani yake ya zamani iliyotengenezwa mguu. Na kanga moja nzito ya kujifunika ikiwa watu watatoka nje kwa ghafla na hakupata kuvaa. Mambo hayo redio haikuyataja. Khairiya akayatazama kwa muda, na moyo wake ukalainika, na akaona haya kwa yale maneno ya mishumaa na msaji.

Lakini Jamaldin hakuona, kwa kuwa alikuwa tayari vitani. Alichutama karibu na Nicodemus, mfereji mpya mkono wa kulia, spana wa kushoto. Nicodemus akauliza kama yuko tayari. Akasema yuko tayari. Hakuwa tayari. Gumba lilipotoka, maji yalimpiga usoni yakamvua miwani, akauchomeka mfereji kwa kupapasa, akazungusha, akazungusha, na Nicodemus akamwambia kwa upole, "Mzee, upande ule mwingine." Akazungusha upande ule mwingine. Ukashika. Akatia spana, akakaza kidogo kidogo kama mtu aliyekwisha kujifunza, na mwisho akashika mkono mpya wa mfereji akaufunga.

Maji yakakoma. Ua wote ukanyamaza, likabaki tone moja lililosita kwenye mdomo wa shaba, likafikiri, likarudi.

Umati ukasema "Aaa," na haikuwa sifa. Wenye masinia walikuwa hawajapata zamu. Mzamil akatikisa kichwa kama mtu aliyeshuhudia dhuluma, na Jamaldin akamwambia kila mmoja atajaziwa chombo chake, ila kwa mfereji sasa, si kwa kidole. Wakajaziwa. Na walipotoka, walitoka wakisifu gumba la Nicodemus, na mpaka leo barazani ndilo linalosimuliwa, unene wake, uvumilivu wake, na jinsi lilivyokunjana kama tende kwa kukaa majini. Nicodemus mwenyewe akapanda ghorofani akilitazama kwa mshangao. Jamaldin hakutajwa na mtu.

Bi Lamis akaondoka, akisema atamtuma mtu kumfuata Khairiya hina itakapokauka. Wakabaki wawili. Khairiya alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mikono mbele, hawezi kufagia maji, hawezi kukunja leso yake, hawezi hata kujipangusa jasho la njiani. Jamaldin alifunga kasha, akalipangusa chini kwa kitambaa, akasubiri aambiwe avitoe vitu vyake.

"Liwache papo hapo," akasema Khairiya. "Nguo zangu zishazoea maboksi."

Jamaldin akakikamua kitambaa, akakitundika.

"Nina kiu," akasema Khairiya.

Basi na iandikwe, hapo penye wino uliosalia, na wasomao waje wasome: kwamba Jumapili ile, katika ua wa nyumba ya chini ya kichochoro, Khairiya binti Sheikhan, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumwomba mtu kitu ambacho mkono wake ungeweza kukifikia, aliomba maji, na kwamba Jamaldin bin Abdulbasit alikwenda akaufungua mfereji alioutia kwa mkono wake, akajaza kikombe, akaufunga, nao ukafungika, akaja nacho, akakishika kwa mikono miwili mdomoni pa mkewe, asimwage hata tone juu ya hina.

Alikunywa chote, akapumua.

"Nitilie chengine," akasema.

Naye akamtilia.